Balbu ya Kalumba

Honi ilianza kulia katikati ya soko la Kolwezi na ikakataa kunyamaza. Wauza dagaa walisimama, muuza mihogo akaziba masikio, na Tshibola, aliyekuwa kwenye usukani wa pikapu nyeupe ya baba yake, akatamani ardhi immeze. Alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa vizuri na kilemba cha rangi hiyo hiyo, nguo za mtu anayependa kutazamwa, lakini si kwa namna ile.

"Mama, acha kelele, tumeisha kukuona!" kijana mwenye ovaroli la bluu alimwambia dirishani, akicheka.

"Si mi! Ni motokari!"

"Basi fungua capot, motokari iache kukusifia."

Huyo ndiye Kalumba, fundi umeme wa magari. Boneti ilipofunguliwa, alitoa mfukoni kifaa chake: balbu ya taa ya breki iliyochomelewa nyaya mbili, basi. Akamshikisha Tshibola waya mmoja kwenye batri, na ule mwingine akagusa huku na huku. Balbu ikawaka, ikazimika, na punde akaupata waya wa honi uliochubuka ukawa unagusa chuma. Honi ikanyamaza, soko likapiga makofi. Tshibola aliona haya, ila hakuuondoa mkono wake haraka kama ilivyompasa.

Kalumba akaanza kuja mtaa wa Dilala, kwenye nyumba ya shirika ya mzee Ngeleka, baba yake Tshibola, karani wa mgodi. Alimletea binti balbu kama ile yake, imefungwa utepe mwekundu. Wengine huleta marashi! Tshibola aliitundika msumarini kando ya kitanda.

Mama Mbombo, mama yake, ndiye hakumtaka. Hakumfukuza, alifanya jambo baya zaidi. Kwa Waluba wa Kasai, kabila lao, mama hakai bega kwa bega na mume wa bintiye, ni heshima kubwa. Basi kila Kalumba alipofika, Mama Mbombo alivuta kiti akaketi ubavuni pake kabisa na kumtilia karanga mkononi. Kila mtu alielewa: wewe ni fundi tu, si mkwe.

Kisha ukaja mwaka ule mbaya. Mgodi ulikuwa unakufa, mishahara haikuonekana, na badala ya kuwauliza wakubwa, watu wa Katanga wakachochewa kuwageukia majirani wenye asili ya Kasai. Tshibola, aliyezaliwa Kolwezi, akaambiwa arudi kwao Kasai, mahali ambapo hajawahi kupaona. Stesheni ikajaa familia zilizolala nje zikingoja treni isiyokuja, na watoto wakaanza kufa kwa kuhara. Ngeleka akapata nafasi kwenye msafara wa magari ya parokia, ukilindwa na askari. Kuondoka ni Alhamisi mchana. Atakayekosa, stesheni.

Jumapili Kalumba, ambaye yeye ni Mkatanga na hafukuzwi, alikuja kukagua taa za pikapu. Alikuwa na huzuni, na mwenye huzuni mara nyingi hujifanya mcheshi.

"Cheri, heri motokari hii isiwake tena mpaka tuzeeke."

"Sha, usiseme vile!"

Mdomo huponza kichwa. Alhamisi asubuhi, mizigo imeshafungwa, Ngeleka akazungusha ufunguo. Kimya. Hata taa moja haikuwaka.

"Si alisema?" Mama Mbombo alipiga kelele. "Alikata waya! Anataka akubakishe hapa, siye tufie ku stesheni!"

Simu ya shirika bado ilifanya kazi mle nyumbani, Mungu anajua kwa nini. Tshibola alipiga karakana.

"Alo, cheri! Mumeisha kutoka?"

"Ulifanya nini mu motokari ya papa?"

"Nini?"

"Ulisema isiwake, na haiwake! Ulikata waya, Kalumba?"

"We Tshibola, unaamini vile?"

"Mi sijue tena nani wa kuamini!"

Akakata simu, akaketi sakafuni, akalia. Kumwacha unayempenda ni uchungu. Kumwacha huku unamchukia ni uchungu mara mbili.

Simu ikalia. Akaiacha. Ikalia tena, mpaka akaipokea.

"Kunitukana utanitukana kesho," Kalumba alisema. "Sasa kamata lampe yako. Batoto ba mitaani benye marungu bamefunga barabara, banapiga kila mutu anayekuya kwenu. Leo we ndiye mikono yangu. Waya moja ku plus ya batri, ingine ku moins."

Tshibola aliichomoa balbu msumarini, akakimbia nje kuigusisha kwenye ncha mbili za batri, akarudi akihema. "Inawaka!"

"Batri ni muzima. Sasa ile ya plus iache palepale. Ile ingine gusa nayo moteur, ku chuma tupu."

Akakimbia tena. Akagusa injini. Akakwangua, akagusa tena.

"Haiwake, Kalumba! Haiwake!"

"Usilie, mupenzi, umeisha kuipata. Umeme inatoka, haina njia ya kurudia. Fuata waya mweusi ya batri mpaka mwisho, pale inafungwa ku bodi. Unaona nini?"

Safari hii alichelewa, na aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo. "Kuko rangi. Ya majani."

"Motokari si nyeupe?"

"Papa aliipaka jana, batoto basiitambue mu njia. Alipaka mpaka ndani ya capot."

Ngeleka, aliyesimama mlangoni, alizitazama kucha zake za kijani. Mzee huyu akianza kitu hukimaliza: alikuwa ameufungua hata ule waya mweusi, akapaka chini yake, kisha akaufunga juu ya rangi. Na rangi haipitishi umeme.

"Mukwangue na kisu mpaka chuma ing'ae," Kalumba alisema. "Na simu usikate. Iache ku dirisha, nisikie."

Ngeleka alikwangua mwenyewe. Ufunguo ukazunguka, injini ikakohoa, ikanguruma, na Mama Mbombo akajikuta anapiga vigelegele. Tshibola aliruka kwenye simu.

"Umesikia? Nisamehe, Kalumba. Nisamehe!"

"Nimesikia," alijibu, naye alikuwa analia. "Muende. Muende mbio."

Pikapu ya kijani ilipita njiani bila kutambuliwa, na uani pa parokia magari yalikuwa yanaunguruma. Getini, na ovaroli lake la bluu na sanduku la vyombo begani, alisimama Kalumba.

"Tata Ngeleka, njia ni mrefu na bamotokari ni bazee. Mutahitaji fundi. Na mi nataka kuoa Tshibola, kama munanikubali."

"Na mama yako?"

"Amenifungia chakula ya njia."

"Kule Kasai batakuita Mukatanga."

"Baite tu. Nitakuwa naye."

Ngeleka alimfungulia mlango. "Panda."

Kwenye kiti kirefu cha mbele ilibaki nafasi moja finyu, ubavuni pa Mama Mbombo, pale pale alipozoea kumweka. Tshibola, balbu ikining'inia shingoni, alimtazama mama yake. Mama Mbombo aliitazama mikono ya Kalumba yenye oili. Kisha akashuka, akajifunika kitenge usoni, akaenda kupanda nyuma juu ya magunia.

"Mama, huko kuko jua!" Tshibola aliita.

"Niache!" sauti ilijibu kutoka kwenye mizigo, kali kwa kujilazimisha. "Toka lini mama anakaa kiti moja na mukwe wake?"