Fundi Mlingoti na Ukano wa Kisigino

Kila asubuhi fundi wa rangi alishuka kitandani kama anayekanyaga miiba. Hatua za kwanza alichechemea, mkono ukutani. Akifika mlangoni mguu umelegea, anatoka akipiga mluzi. Jioni anarudi akichechemea tena.

Mkewe, mshonaji, hakuwa mtu wa kuona jambo akalipita.

"Maumivu gani haya yanayokwenda likizo mchana?"

"Uchovu tu, mama watoto. Nikande, yataisha."

Akamkanda nyuma ya mguu kwa mafuta ya moto, kwa nguvu za kukanda unga. Fundi aliuma mto. Kesho yake pakavimba.

"Si upumzike?"

"Nikipumzika, dari ya ukumbi tunaoupaka atapewa mwingine," fundi alisema, safari hii bila mzaha. "Na baada ya hapo nani ataniita?"

Udadisi haukumwacha mke. Mchana alifunga cherehani, akaenda ukumbini. Alimkuta mumewe, mfupi kuliko mafundi wote, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Amesimama kwa ncha za vidole, anapaka dari. Ngazi imelala pembeni.

"Karibu, shemeji!" fundi mwenzake alicheka. "Mwone Mlingoti wetu! Ngazi kwake ni matusi."

"Ngazi inakula muda," mumewe alijibu kutoka juu. "Hamisha, panda, shuka, hamisha."

"Kutwa nzima unasimama hivyo?"

"Tangu tuanze dari."

Jioni mke alimvuta hadi kwa jirani wa ghorofa ya juu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Jirani alibonyeza juu kidogo ya kisigino. Fundi aliruka.

"Shemeji, huu ni ukano. Ni kama kamba. Unaunganisha msuli wa nyuma ya mguu na mfupa wa kisigino. Ukisimama kwa vidole, kamba hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Wako umechoshwa, kisha ukachokozwa kwa kukandwa."

Mke alitazama viganja vyake. "Nami nilidhani natibu! Basi alale tu?"

"Hapana. Ukano usiofanya kazi hudhoofika. Atembee, ila apunguze mzigo. Apande ngazi. Avae viatu vyenye kisigino kilichoinuka kidogo, aache ndala. Ukiuma sana, aweke barafu iliyofungwa kitambaani, dakika chache. Na afanye zoezi hili."

Jirani alishika kiti, akainua visigino vyote viwili, akavishusha polepole, kama anayetua mtungi uliojaa maji.

"Subiri, dada! Si huko kusimama kwa vidole ndiko kulikomuumiza?"

"Hapo umeuliza! Chumvi hukoleza mchuzi, ikizidi huuharibu. Kuinuka na kushuka taratibu, kisha kupumzika, kunaujenga ukano. Kusimama kwa vidole kutwa kunaubomoa. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno. Yakizidi asubuhi yake, punguza. Na muwe na subira, hii ni kazi ya miezi. Lakini akisikia mlio wa ghafla nyuma ya mguu, akashindwa kuinuka kwa vidole, ni hospitali siku hiyo hiyo."

Kesho yake fundi alilaza mbao juu ya ngazi mbili, akapata jukwaa.

"Mlingoti umekatwa!" wenzake walimzomea.

"Chekeni. Dari ni yangu."

Nyumbani mke alishona akimchungulia. "Taratibu! Unashuka kama gunia!" Siku moja fundi alizidisha zoezi kwa kiburi, asubuhi akaamka na mguu mgumu. Hakuambiwa na mtu, alipunguza mwenyewe.

Dari ilikwisha, haina doa. Msimamizi aliitazama sana, kisha akampa fundi kazi nyingine, shule iliyo juu ya mlima. Miezi michache baadaye mke naye alitaka kuiona. Wakapanda pamoja, mume mbele, anaongea habari za rangi tu.

"We bwana, nisubiri!" mke aliita, mikono kiunoni, anahema.

Fundi aligeuka. Alikuwa amemwacha mbali, wala hakujua.