Kucheka Mwaka Mzima

Fundi cherehani na dada yake walishona sare za shule katika chumba kimoja kwa miaka kumi na miwili. Dada alikata vitambaa, mdogo mtu akashona. Wateja walifuata nguo, wakakawia kwa sababu ya vichekesho vya dada.

Kisha dada akaanza kutokwa damu, ilhali hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mitatu nyuma.

"Usichana umenirudia," alitania. "Nitafutie mchumba!"

Walicheka. Mwaka mzima walicheka. Kiuno kilipombana hata akashindwa kusimama mezani, ndipo walipokwenda hospitali. Daktari hakuzungusha maneno. Saratani ya mlango wa kizazi, nayo imeshasambaa.

Sasa dada alilala chumba cha nyuma, amebaki mifupa. Muuguzi alikuja kila wiki na dawa za maumivu. Siku moja fundi alimsindikiza hadi mlangoni.

"Nesi, niambie kweli. Tungeweza kuwahi?"

Muuguzi aliweka mkoba chini. "Mngeweza, mama. Ugonjwa huu huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Wengi wetu hukipata, na mwili hukiondoa wenyewe. Kikibaki, huharibu polepole, pengine miaka kumi au kumi na tano. Mwanzoni hakuna maumivu. Kipimo ndicho kinachoona."

Miaka kumi na tano! Fundi akakaa kizingitini.

"Na wewe umeshapima?" muuguzi alimuuliza.

"Mimi siumwi."

"Dada yako naye hakuwa anaumwa."

Sauti nyembamba ikatoka ndani. "Nenda, mdogo wangu. Usinifanye nife mara mbili."

Kesho yake fundi alikwenda kliniki. Mhudumu alipaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi, ili palipoharibika pageuke peupe. Pakaonekana doa jeupe.

"Si saratani," alimwambia. "Ila tukiliacha, laweza kuwa."

Walilichoma kwa kifaa cha joto siku ile ile. Tumbo lilimkata kama la hedhi, basi. Akatakiwa arudi baada ya mwaka.

"Wameliondoa doa," alimnong'oneza dada jioni hiyo.

Dada alimbana kidole. Siku ya tisa akafariki.

Fundi alimpeleka binti yake wa miaka kumi na miwili kuchanjwa dhidi ya kirusi hicho. Mwaka ulipotimia, yeye mwenyewe alipimwa tena. Safi kabisa. Alitoka kliniki akiwa na majibu mkononi, akaanza kulia barabarani. Alikuwa mzima, na dada yake, ambaye alitamani kumwambia, hakuwepo tena.