Utomvu kwenye Mikono ya Ajida Valère

Ajida Valère, mwanajeshi mzee, alipokunja mikono ya shati mbele ya tume ya rufaa mjini Beni, Jumanne saa nne asubuhi, hakuna aliyehitaji miwani. Kuanzia viwiko hadi viganja ngozi ilikuwa nyekundu, imechunika, inatoa maji. Mzee aliinyoosha mikono ile kwa fahari kidogo. Mwaka uliopita tume hiyo hiyo ilimnyima malipo ya ulemavu kwa sababu siku ya kupimwa ngozi yake ilikuwa safi, na daktari akaandika kwamba amepona.

Dakta Maliro, daktari yule yule, aliinama, akatazama, kisha akanusa.

“Papa Valère, hii hapana ugonjwa. Hii ni maziwa ya papai.”

Pande za Beni kila mtu anaijua mikono ya wagema utomvu wa papai, jinsi unavyokula ngozi ya asiyejihadhari. Mwanajeshi anayejiunguza ili apate malipo hufutiwa rufaa moja kwa moja, na anaweza kulala korokoroni.

“Nzambe na ngai! Mungu wangu!” Valère alipiga kelele. “Docta, mi papai hata sikamatake! Niliona inawasha tangu juzi, nikasema ugonjwa unarudi!”

Rais wa tume alimpa hadi kesho yake asubuhi, akamwita OPJ Jokébed Kaswera, ofisa wa polisi ya upelelezi aliyekuwa amefika kutoka Butembo kwa kazi nyingine. Jokébed hakuwa mkali. Alikuwa mdadisi tu, na wahalifu wengi wangeona afadhali awe mkali.

Alianza na mshukiwa aliye karibu zaidi, Valère mwenyewe.

“Papa, huu ugonjwa ulikukamata wapi?”

“Ku kazi. Ghala ya masasi iliwaka moto, nikaingia kutosha batu inje. Moshi ile njo iliniharibu mikono. Inapasuka, inatulia, inapasuka tena.”

“Na juma hii, mbele ya kuanza kuwasha?”

“Ilikuwa imetulia. Kabisa.” Alitikisa kichwa kwa uchungu. “Nililia, madame. Nilisema, batanikatala tena.”

“Unapakaka nini?”

“Pommade, dawa ya kupakaa ya centre de santé. Bibi yangu Rébecca ananipakaka kila mangaribi.”

“Unagombanaka na nani?”

“Na Kasonia, jirani. Juu ya mupaka wa shamba. Na yeye anakataka papai, anauzisha maziwa yake.”

Jokébed aliyaandika majibu, lakini neno moja lilimkera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Ngozi ilikuwa imetulia. Akapanda pikipiki kwenda Oicha, alikokaa Valère.

Nyumbani kwa Valère alipokelewa na mkewe, mama Rébecca, mwanamke mpole mwenye macho yaliyokesha. Alileta chai, akikishika kikombe kwa pindo la kitenge ingawa chai yenyewe ilikuwa vuguvugu. Jokébed aliomba kopo la pommade. Juu ilikuwa laini. Alipoingiza kijiti akakuta mabonge madogo meupe yaliyoganda, yenye harufu ile ile aliyoinusa Dakta Maliro. Basi mtu alikuwa ameuchanganya utomvu ndani ya dawa.

“Nani anaingiaka humu ndani, mama?”

“Batu bengi, madame. Majirani.”

“Kasonia naye?”

Rébecca aliinamia kikombe. “Anapitaka.”

Kasonia alikuwa shambani kwake, amevimba kwa hasira kabla hata hajaulizwa.

“Bananisingizia mimi! Juu ninakata papai? Hapa Oicha ni nani hakatake?”

“Bon, nionyeshe vile unakataka.”

Alimwonyesha. Kila tunda bichi lilikuwa na mistari miembamba, kutoka juu kwenda chini, iliyochanjwa kwa wembe kwenye ganda tu. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha kukinga matone.

“Asubuhi, tunda bichi, wembe. Ni ile tu,” alisema Kasonia.

“Na mpapai ule niliona nyuma ya jiko ya papa Valère?”

Walikwenda kuuangalia. Matunda yake hayakuwa na hata mkwaruzo mmoja. Lakini shina, kimo cha kifua, lilikuwa limepondwapondwa kwa kitu kizito, kisha gome likachunwa kulizunguka kama mtu anavyovua soksi. Utomvu ulikuwa umekauka kwenye kidonda.

Kasonia alishika kiuno. “Mais huyu ni mujinga gani? Maziwa iko mu tunda! Nani anachunaka muti wa papai? Utakufa huu muti.”

Jokébed aliinamia lile shina. Macho yake yaling'aa. Alikuwa mtu wa Butembo, alikokulia kati ya magunia ya quinquina, magome ya kutengenezea kwinini, yanayoshuka kutoka milimani, na alijua vizuri mti gani hugongwa kwa nyundo ya mti hadi gome lilegee, halafu ukachunwa namna ile. Ni mti ambao dawa yake yote imo ndani ya gome.

Aliagana na Kasonia, akapita tena jikoni.

“Mama Rébecca, kwenu ni wapi?”

“Masereka, madame. Kule ku baridi.”

“Mulikuwaka na quinquina?”

“Baba yangu alikuwa nayo mingi.” Akageukia moto ghafla.

“Nionyeshe mikono, mama.”

Rébecca aliificha ndani ya kitenge. Jokébed hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba kesho saa tatu aje Beni pamoja na mumewe.

Asubuhi ile ukumbini alikuwepo hata Kasonia, aliyekuja kuhakikisha jina lake linasafishwa. Jokébed alisimama mbele ya rais wa tume.

“Mheshimiwa, sisi wote tulitafuta adui. Mais adui angefanya nini? Juma hii mikono ya papa Valère ilikuwa safi, na mikono safi ilimuangusha mwaka uliopita. Adui angekaa kimya tu, angengoja aanguke tena. Mwenye kumuwekea vidonda alitaka ashinde. Tena hakujua papai. Alichuna muti kama quinquina, vile banachunaka Masereka. Mutu wa Oicha hawezi kufanya ile, na mutu wa Oicha angejua docta atanusa.”

Kila kichwa kiligeuka. Rébecca aliinuka kabla hajatajwa, akaitoa mikono yake kwenye kitenge. Ncha za vidole zilikuwa zimechunika.

“Ni mimi. Yeye hakujua kitu.”

“Hapana!” Valère aliruka. “Muandike mimi, madame OPJ! Mimi njo nilifanya!”

“Papa, kaa chini,” Jokébed alisema taratibu. “Ukijisingizia, rufaa imekufa.”

“Ife! Bibi yangu hapana kulala ku kashoo, ku korokoro!”

“Ni wewe uliyeumizwa, papa. Unamushitaki?”

“Simushitaki. Hata kidogo.”

Kisha akamgeukia mkewe, na sauti ikamvunjika. “Rébecca. Miaka yote hii tunapiga magoti pamoja, tunaomba nipone. Wewe ulikuwa unaomba nini?”

Rébecca alilia waziwazi, bila kujifunika uso. “Minaonaka vile haulalake, unajikuna mpaka damu. Minafua mashuka. Kisha siku ya tume, ngozi inatulia, na banasema hakuna kitu. Nilitaka bakuone, Valère. Siku moja tu, bakuone vile mimi minakuonaka.”

Dakta Maliro alitazama meza. Aibu ilimpanda hadi masikioni, nayo ilimstahili.

Rais wa tume alinong'ona na wenzake kwa muda mrefu. Mwishowe akasoma uamuzi. Ajida hakudanganya, rufaa ingeendelea. Mama hakushitakiwa na aliyeumizwa, aende na onyo. Ila tume haiwezi kulipa kwa vidonda vya papai. Ajida atibiwe kwanza, kisha ugonjwa wenyewe ukirudi, aje siku ile ile bila kungoja kuitwa.

Valère aliivuta mikono ya shati polepole juu ya vidonda.

“Donc, mheshimiwa, naenda ku nyumba na bibi yangu, tunapiga magoti, tunaomba Mungu nigonjwe?”

Aliyejibu alikuwa Dakta Maliro, akiwa bado ameinamisha kichwa.

“Ndiyo, papa.”