Asubuhi Breki, Jioni Gia

Jina langu ni Njoki. Ninakaa Kianjokoma, na ninapika uji katika shule moja ya msingi kule Manyatta. Watoto wengine hufika hapo bila kutia kitu mdomoni. Kama nimechelewa, wanaingia darasani na njaa. Mtoto mwenye njaa haangalii ubao, anaangalia mlango wa jikoni.

Mume wangu anaitwa Mutugi. Kazi yake ni kununua ndizi mashambani na kuziuza sokoni. Si mtu wa maneno mengi. Akifika kwa mkulima, anashika mkungu, anauinua, anatulia kidogo, halafu anataja bei. Mkono wake ndio mizani yake. Na kusema ukweli, kwa ndizi sijawahi kumwona akikosea.

Shida yetu ilikuwa namna ya kufika kazini. Gari la asubuhi halitoki Kianjokoma mpaka lijae. Nilikuwa nakaa ndani nikitazama viti vitupu. Nikachelewa, nikachelewa tena. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ann, akaniita ofisini.

"Njoki, uji wako ni mzuri," aliniambia. "Lakini uji ukifika katikati ya somo, ni vurugu. Ukiendelea hivi, muhula ujao nitatafuta mpishi anayekaa karibu."

Sikumlaumu. Lakini kazi hiyo ndiyo inamsomesha mtoto wetu Muchangi. Jioni hiyo nilimweleza Mutugi.

"Tununue baiskeli," alisema. "Lami ni nzuri mpaka Manyatta. Utatoka wakati unaotaka wewe."

Hapo alisema neno la maana, namshukuru. Taabu ilianza tulipoenda kuchagua.

Siku ya soko tulienda kwa Mwongera, anayeuza baiskeli nyuma ya vibanda vya nguo. Mutugi hakuuliza kitu. Alianza kuziinua moja moja, kama mikungu ya ndizi. Kulikuwa na moja nyembamba, ya mtumba kutoka ng'ambo, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Aliiinua kwa mkono mmoja, akairudisha chini akiihurumia.

"Hii ni mifupa mitupu," akasema.

Kisha akashika ile nyeusi, mpya, ile watu wanaita blakimamba. Alitumia mikono miwili, na uso wake ukachangamka.

"Hii sasa ina nyama. Mtu analipa na anaona alicholipia."

Mimi nami nilipenda kengele yake inayong'aa. Nikaipanda kidogo pale sokoni, mahali pa tambarare, ikaenda vizuri. Tukalipa. Akiba yetu ikaishia hapo.

Kutoka Kianjokoma kwenda Manyatta ni mteremko. Asubuhi ya kwanza nilifika kabla mlinzi hajafungua lango. Niliwasha moto nikiimba wimbo wa kanisani. Lakini barabara inayoteremka asubuhi ndiyo unapanda jioni. Ile nyama ya Mutugi niliibeba mimi. Baiskeli haikuwa na gia. Nilishuka, nikaisukuma mlima baada ya mlima, nikafika nyumbani miguu ikitetemeka. Kulipokucha, kuamka kulinishinda, na nikachelewa. Aki ya Mungu, nilinunua kitu cha kuniwahisha, kikanichelewesha.

Asubuhi moja kulikuwa na manyunyu. Kwenye kona nikafinya breki, na baiskeli ikaendelea na safari yake kama haijanisikia. Iliniingiza moja kwa moja kwenye shamba la majani chai. Niliinuka na mikwaruzo tu. Upande wa pili kulikuwa na mtaro wa mawe, na kila nikipita hapo nasema asante Mungu.

Aliyeniona ni jirani yetu Felicitas. Yeye ni Mmeru wa Ruiri, ameolewa hapa kwetu. Anasoma mita za mradi wa maji, na anazunguka hii milima yote kwa baiskeli. Alisimama, akanipangusa matope, kisha akatazama ile baiskeli.

"Ni nani alikuchagulia hii?"

"Ni Mutugi."

"Aliiinua?"

"Aliiinua."

Felicitas alicheka mpaka akachuchumaa. Nikacheka na mimi, ingawa goti lilikuwa linauma.

Jioni alikuja kwetu. Nilimpa chai. Mutugi alikaa mikono imekunjwa.

"Baba Muchangi," Felicitas alianza, "baiskeli hii si mbaya. Kule kwetu Ruiri, mahali pa tambarare, ningeibebea magunia. Lakini ulipaswa kuangalia barabara kwanza, halafu baiskeli."

"Barabara ilichaguliwa na serikali," Mutugi akasema.

"Basi iangalie vile ilivyo. Asubuhi Njoki anateremka, anahitaji breki. Jioni anapanda, anahitaji gia. Na chuma chote hicho ni yeye anakipandisha, si wewe."

Mutugi akauliza, "Na kitu chepesi si kitavunjika?"

"Ng'ombe wa maziwa unamchagua kwa unene?"

"Hapana. Naangalia kiwele."

"Sasa baiskeli unaangalia fremu. Kama haina ufa pale vyuma vinaungana, na haijachomelewa, itakaa. Wepesi si udhaifu."

Mutugi aliangalia goti langu lililofungwa kitambaa. Akaenda kuitoa ile baiskeli nyeusi, akaanza kuipangusa matope.

Kesho yake tulirudi kwa Mwongera, sisi watatu. Mwongera alikuna kichwa. Felicitas akamwongelesha Kimeru. Sijui alimwambia nini, lakini alikubali tubadilishane na ile ya pembe za kondoo. Ya mtumba ilikuwa ya bei ya chini, kwa hivyo alikubali kuturudishia kiasi.

"Ngoja kwanza," Felicitas akasema. "Tusibadilishane macho yamefumba."

Akaniambia nisimame baiskeli ikiwa katikati ya miguu, nyayo zote chini. Kile chuma cha katikati hakikunigusa. "Vizuri, ni saizi yako," akasema. Alipandisha kiti kidogo, nikakaa, na mguu ukiwa chini kabisa kwenye pedali goti lilikunjika kidogo tu. Akapitisha kidole kwenye maungio ya fremu. Akazungusha magurudumu tuone kama yanayumba. Akafinya breki na kumwambia Mutugi aisukume baiskeli kwa nguvu zake zote. Gurudumu la mbele halikusonga.

"Tairi je?" Mutugi akauliza. Nilishangaa. Mutugi kuuliza!

"Swali zuri," Felicitas akajibu. "Zile nyembamba kabisa zinakimbia kwa lami, lakini ile njia ya murami ya kwenu, yenye changarawe, itazitoboa. Hizi zina upana kidogo. Zinatosha."

Kisha tukaenda kwa fundi wa hapo sokoni, Ishmael, kumuuliza kama cheni na tyubu za baiskeli hiyo zinapatikana hapa kwetu. Akasema zinapatikana. Felicitas alisema baiskeli ambayo huwezi kuitengenezea nyumbani si ya bei ya chini, hata ukipewa bure. Mwisho akaniambia niipandishe kilima cha kanisa, si pale tambarare. Nilibadilisha gia, nikapanda polepole, na sikushuka. Huko juu machozi yalinitoka. Sikujali nani ananiona.

Mwongera alituandikia risiti. Kwa zile pesa alizoturudishia tulinunua raba mpya za breki, taa na helmeti.

Sasa navaa suruali ndani ya sketi, najifunga helmeti, na nateremka kwenda kazini na breki zangu. Jioni napanda, nikichoka nashusha gia. Uji unakuwa tayari kabla ya kengele. Muhula ulipofungwa Mwalimu Ann alikuja jikoni, akajimiminia kikombe, akanywa chote akiwa amesimama. "Njoki, tuonane muhula ujao," akasema. Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Jumapili Mutugi alipotea baada ya kanisa. Nilimwona akitoka shambani na mkungu wa ndizi begani, akitoa jasho. Nilimfuata mpaka kwa Felicitas. Mutugi aliushusha mkungu mlangoni.

"Ni wako," akamwambia.

Felicitas alijaribu kuuinua. Ulimshinda. "Baba Muchangi, mbona mzito hivi?"

"Niliinua yote shambani," Mutugi akasema. "Nikachagua huu."

Akajipangusa mikono.

"Ndizi ndiyo inachaguliwa hivyo," akasema. "Asante kwa ajili ya Njoki."