Triga Bapa ya Hobert Sizemore

Jioni ile nilipiga risasi tano, na karatasi yangu ikabaki safi kama shuka la wageni.

Hilo si jambo geni kwangu. Mimi, Ferrell Stamper, nimeendesha lori katika majimbo arobaini na manane ya Marekani na nimepotea katika yote, na shabaha yangu haina tofauti na usomaji wangu wa ramani. Mwaka juzi, pale pale kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha, Laurel Fork, nililenga sahani ya chuma nikatoboa ndoo ya Bibi Geneva ya kuokotea maganda ya risasi. Lakini Jumanne ile nilikuwa nimetamba tangu kwenye maegesho kwamba leo mtaona, leo bastola yangu ina triga mpya. Watu wakasogea waone.

"Mzee, miwani yako iko kwenye paji la uso," akasema mmoja.

Wakaangua kicheko. Nikaishusha miwani, nikatazama tena karatasi yangu, ile ya nafasi ya sita. Hakuna hata tundu moja. Nikacheka nao, maana mtu mzima akiumbuka, heri ajicheke kabla hajachekwa.

Bibi Geneva hakucheka.

Geneva Tackett ana miaka sabini na miwili na ndiye msimamizi wa safu ya wapigaji. Hakuna anayegusa bastola pale bila amri yake. Alikuwa ameganda, anatazama nafasi ya saba.

"Ferrell," akasema taratibu. "Umempiga marehemu."

Vicheko vikakatika kama redio iliyozimwa.

Nafasi ya saba ilikuwa ya Hobert Sizemore. Septemba, akiwa amepiga risasi tisa kati ya kumi, moyo wake ulisimama, akaanguka pale pale na kidole kwenye triga. Kwetu, mpigaji akifa, karatasi yake ya mwisho huachwa ikining'inia mwaka mzima, na hakuna anayesimama mbele yake. Ya Hobert ilikuwa na matundu tisa, yamekusanyika katikati kama familia inayoota moto.

Sasa yalikuwa kumi.

"Lakini amepiga tano," mtu akanong'ona. "Nne ziko wapi?"

Bibi Geneva akaenda hadi kwenye karatasi, akachungulia lile tundu la kumi. Kingo zake zilikuwa zimechanika pande zote, kama mlango uliopitiwa na wengi.

"Zote zimepita hapa," akasema.

Wakanigeukia. Kupitisha risasi tano katika tundu moja ni kazi ambayo katika bonde letu aliiweza mtu mmoja tu.

Hapo ndipo ikanijia harufu. Mnanaa...

Hobert alikuwa na tabia moja. Kabla ya kuvuta triga alitia mdomoni pipi ngumu ya mnanaa, akaivunja kwa magego. Kruk! Kisha risasi. Ilikuwa hivyo miaka yote, kruk, paa, kruk, paa, mpaka ukitaka kumuudhi ulimwuliza kama bastola yake inatumia sukari.

"Triga hiyo umeitoa wapi?" Bibi Geneva akauliza.

"Nimeagiza," nikasema.

Sikuwa nimeagiza.

Hobert alipokufa, mjane wake, Dada Arbutus, aliniletea bastola yake niisafishe kwa ajili ya mazishi. Tunaitana kaka na dada kwa sababu ya kanisa. Sisi si ndugu wa damu. Nami nilikuwa nimeimezea mate triga ile miaka sita. Triga ya kiwandani imepinda kama mwezi mchanga. Ya Hobert ilikuwa bapa, nyekundu, imenyooka kama rula, na kidole kikitua juu yake kinajua chenyewe pa kukaa. Bastola zetu zilikuwa za aina moja. Nikasema moyoni, triga kaburini itamfaa nani? Nikaichomoa, nikamwekea ya kwangu ya kiwandani, nikampa Dada Arbutus bastola inayong'aa. Akanishukuru huku analia. Akanipa na keki.

Keki niliila.

Wala sikuwaza juu ya amri ya mwisho. Klabu yetu ikizika mpigaji, Bibi Geneva husimama mbele ya jeneza na kutoa amri ile ile inayofunga kila zamu: kama umemaliza, toa risasi, onyesha chemba, kama ni tupu, vuta triga, weka bastola alani. Mtu mmoja huivuta triga ya marehemu kwa niaba yake. Tik. Ndipo Bibi Geneva hutangaza kwamba safu ni salama, na marehemu anashushwa na bastola yake. Watoto wa kwetu wanajua hata kabla ya kujua kusoma: mpigaji asiyesikia amri ya mwisho bado yuko kwenye safu.

Hobert alizikwa na amri. Lakini triga iliyovutwa ilikuwa ya kwangu.

Jumatano saa ya chakula cha jioni, mke wangu Lovada alikuwa anapakua maharage na mkate wa mahindi. Bastola niliifungia kwenye droo ya kabati, haina risasi hata moja. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima.

Tik.

"Nini hicho?" Lovada akauliza.

"Panya."

Tik... Tik.

Nikaweka kijiko chini. Bastola ya aina hii ukiivuta mara moja ikiwa tupu, triga inalala nyuma, inakufa. Haiwezi kulia tena mpaka uikoki kwa mikono miwili. Na sauti ya kukoki naijua, ni kama kufunga mlango wa lori. Sikuisikia.

Tik. Tik. Tik.

Na katikati yake, polepole, kama mtu mwenye muda mwingi...

Kruk.

"Panya wako anakula pipi," Lovada akasema. Hakuwa anatania.

Nilifungua droo. Bastola imelala nilivyoiweka. Triga nyekundu imesimama mbele, hai, inangoja. Niliigusa kwa kidole cha shahada, niirudishe nyuma tu. Ilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje Januari, na baridi ile ikaingia kidoleni, ikakaa.

Alhamisi ilikuwa imefika kifundo cha pili. Kidole kilikuwa cheupe, kimejikunja kama ndoano, hakinyooki. Daktari wa mjini akasema ni mzunguko wa damu, nipunguze kahawa. Ijumaa asubuhi baridi ilikuwa imeingia kiganjani. Nilijaribu kuendesha gari kwenda posta; kidole kikaanza kuubonyeza usukani, polepole, kwa nguvu ile ile isiyopungua wala kuongezeka, mpaka nikasimama kando ya barabara nikakikalia. Ndiyo, nilikalia kidole changu mwenyewe, mzee mzima, magari yanapita yananipigia honi. Nilicheka kidogo. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu kilikuwa kinaendelea kubonyeza.

Nikajiuliza, ikifika begani je? Ikifika moyoni?

Jioni ile Lovada alinikuta nimekaa barazani. Akaketi, akanishika mkono, kama kawaida yetu ya miaka thelathini. Kidole kikatulia juu ya mshipa wa mkono wake. Kikaanza kuvuta... taratibu... kinautafuta ule mpaka ambapo triga huachia.

Lovada hakuutoa mkono. Alitazama mbele tu, milimani, akanong'ona:

"Ferrell. Anayenishika ni nani?"

Mnanaa ulikuwa umejaa barazani.

"Uliiba nini?" akauliza.

Mke aliyekujua miaka thelathini haulizi kama umeiba. Nikamweleza yote, mpaka keki.

"Keki nayo ulikula!"

"Ilikuwa ya limau."

"Inuka, wewe mwanaume. Nenda kwa Geneva kabla sijakukata mkono huo kwa shoka la kuni."

Bibi Geneva alinisikiliza akiwa mlangoni, hakunikaribisha ndani. Akanitazama kidole, akatikisa kichwa.

"Nilijua Jumanne ile ile. Mjinga hapitishi tano katika tundu moja."

"Basi toa amri upya, bibi. Leo."

"Amri naitoa mimi. Ruhusa ni ya mjane. Na hiyo utaiomba wewe, kwa mdomo huo huo uliokula keki."

Nimewahi kushusha lori lisilo na breki mlimani Wyoming. Lilikuwa rahisi kuliko ngazi nne za baraza ya Dada Arbutus Sizemore. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kofia kifuani, mkono umejikunja. Alikuwa anamenya tofaa. Hakukatisha ganda.

"Kumbe," akasema nilipomaliza. "Nilifikiri mimi ndiye niliyekosea maombi. Maana tangu tumzike..."

Akaweka kisu chini. Akachukua koti lake.

Tulifika uwanjani jua likiwa limebaki ukucha. Sisi watatu tu. Bibi Geneva akanisimamisha nafasi ya saba, mahali pasipokanyagwa tangu Septemba. Nyasi zilikuwa zimeota, ila sehemu mbili, upana wa nyayo, zilikuwa tupu, zimekanyagika.

Miguu yangu ikaingia pale. Ilienea sawasawa.

"Shika bastola," Bibi Geneva akasema. Sauti yake ilitetemeka, mara ya kwanza kuisikia hivyo. "Hobert Sizemore. Kama umemaliza, toa risasi, onyesha chemba."

Nikafungua bastola, nikaonyesha. Tupu. Dada Arbutus akachungulia, akaafiki kwa kichwa. Nikaifunga.

"Kama ni tupu, vuta triga."

Kidole kilichobonyeza usukani, kilichobonyeza mshipa wa mke wangu, sasa kikagoma. Kikakaa juu ya ule uso bapa, hakiendi.

"Vuta," Bibi Geneva akarudia.

Hakikwenda. Upepo ukatulia. Karatasi yenye matundu kumi ikaacha kupeperuka, ikasimama kama inasikiliza. Baridi ikapanda kwenye kiwiko. Ikapita kiwiko. Nikaisikia inagusa bega, na moyo wangu ukaruka pigo moja, kisha la pili...

Dada Arbutus akasogea hadi sikioni mwangu. Hakusema nami.

"Hobert," akanong'ona. "Wamefunga, mume wangu. Wote wameshakwenda nyumbani."

Kruk.

Kando yangu kabisa. Nilihisi pumzi.

Tik.

"Weka alani," Bibi Geneva akasema upesi. "Safu ni salama."

Baridi ikatelemka kama maji yanayotoka bomba lililopasuka: bega, kiwiko, kiganja. Kisha changarawe nyuma yetu ikalia. Hatua. Nzito, za mtu asiye na haraka, aliyemaliza zamu yake. Hatukugeuka. Zikatupita, nami nikangoja zielekee juu, kwenye makaburi.

Zilielekea kwenye magari.

Zikakoma. Lori dogo la Dada Arbutus likainama kidogo upande wa abiria, kisha likatulia.

Nilichomoa triga pale pale juu ya meza kwa vifaa vyangu, kwa mkono wa kushoto, nikaangusha pini mara tatu. Nikampa Dada Arbutus. Akaitia mfukoni bila kuitazama, akaanza kwenda zake.

Nikatazama kidole changu. Bado cheupe. Bado kimejikunja. Bado baridi, hadi kifundo cha kwanza, na kinanukia mnanaa.

"Dada Arbutus!" nikamwita. "Kidole hakijarudi. Kama bado hajaondoka je? Nitaishije hivi?"

Akasimama, mkono kwenye mlango wa gari.

"Unalia kwa kidole kimoja, Ferrell? Mimi nusu nzima ya kitanda ni baridi. Nenda nyumbani."