Mkate wa Bi Kazija Hauna Zabibu

Kila Alkhamisi, baada ya kipindi cha hesabu, wanafunzi wa Mwalimu Faiza wa Kikwajuni hutumia kompyuta ya skuli. Wiki ile walitengeneza picha kwa akili mnemba. Kila mmoja aliandika maelezo ya chakula cha kwao, na kompyuta ikachora. Picha zingebandikwa ukutani Jumamosi, siku ya kuwashukuru wazazi na mabibi.

Bashira alichagua mkate wa kumimina, ule wa unga wa mchele, wa bibi yake, Bi Kazija. Bibi alikuwa hapiki tena tangu alipovunjika mkono, na hakuna aliyewahi kuupiga picha mkate wake. Bashira aliandika: "Mkate mzuri, mtamu sana, wa Zanzibar."

Ikatoka picha ya boflo, mkate wa ngano wa dukani.

"Kumbe bibi yako anapika boflo!" Munir alicheka. "Hata dukani lipo."

Mwalimu Faiza alisoma maelezo. "Utamu unauona kwa jicho, Bashira? Kompyuta haijawahi kula. Iambie umbo, rangi na unene."

Bashira alifikiri, akashindwa. Alikuwa ameula mkate ule tangu utotoni bila kuutazama.

Jioni alimuuliza bibi yake, "Bibi, mkate wako ulikuwaje?"

"Mzuri."

"Mwalimu kalikataa neno hilo."

Bi Kazija akacheka. "Basi kaa. Ulikuwa wa duara, unene wa vidole viwili. Nilitia moto chini na juu ya mfuniko, kwa hivyo uso ulipiga rangi ya kahawia. Ukiukata, ndani mweupe, una vitundu vidogo vidogo na chembe nyeusi za iliki."

"Na zabibu?"

"Wenzangu wanatia. Mimi sitii. Babu yako alikuwa hazipendi."

Kesho yake, kwa ruhusa ya Mwalimu, Bashira alirudi kwenye kompyuta akaandika yote hayo. Picha ilikaribia, lakini juu ya mkate zilitapakaa zabibu.

"Iache hivyo hivyo, imependeza," alisema Munir.

"Imependeza, lakini huo si wa bibi."

Akaongeza: "Uso wa mkate ni mtupu, wa kahawia tu." Zabibu zikaondoka. Chini ya picha akaandika: "Imechorwa na kompyuta kwa maelezo ya Bi Kazija."

Jumamosi Bi Kazija aliisogelea picha ukutani.

"Huu wangu," alisema. "Watu wote waliniambia mzuri, nami nikashukuru. Leo nimempata anayejua ulivyo. Ahsante, mjukuu wangu. Mkono wangu ukikataa, wako upo. Nitakuelekeza kuupika."

Mwalimu Faiza akawageukia wanafunzi. "Ukitaka kumshukuru mtu, jua kwanza alichokupa. Kisha kieleze kwa maneno yanayokionyesha, na usiongeze ambacho yeye hakukitia."

Munir akaitazama picha yake ya bakuli la urojo. Juu yake kulikuwa na majani ya kijani ambayo mama yake hajawahi kuyatia.