Mbegu za Magimbi Kutoka Samoa

Jumamosi ni siku ya shamba. Mereseini na mumewe Epeli hulima magimbi katika kisiwa cha Taveuni, Fiji. Magimbi hayo ndiyo yaliyowasomeshea watoto watatu.

Mwaka mmoja kanisa lilimtuma Mereseini Samoa. Wakati wa kuagana, mwenyeji wake, Fetuao, alimpa mbegu sita za magimbi. Kukataa zawadi ni kumwaibisha aliyekupa. Mereseini alizifunga ndani ya mkeka.

Aliporudi Fiji, kwenye uwanja wa ndege wa Nadi, fomu iliuliza: umebeba mimea? Aliandika hapana. Lakini moyo ulimsuta. Akamwendea mkaguzi, msichana wa umri wa bintiye.

"Mwanangu, nimekosea fomu. Nina mbegu za magimbi."

Msichana alifungua mkeka. "Mama, kwenu wapi?"

"Somosomo, kule Taveuni."

"Kumbe mtani wangu! Basi leo nakupora, na mila inaniruhusu."

"Pora mkeka, mwizi wewe. Mbegu niachie. Tazama, hazina hata doa."

Msichana aliacha kucheka. "Aina hii huvumilia ugonjwa wa majani, mama, lakini huweza kuubeba. Vimelea vyake havionekani kwa macho. Mwaka 1993 uliingia Samoa, ukayamaliza karibu magimbi yote. Hapa Fiji bado haujafika. Mbegu moja tu yaweza kuuleta Taveuni."

Mereseini aliliona shamba lake akilini. Akazisogeza mbegu mbele ya msichana.

"Ungeficha, ungetozwa faini," msichana aliendelea. "Umesema mwenyewe, kwa hiyo tutazichoma tu. Ukiitaka aina hii, uliza ofisi ya kilimo. Miche huletwa kwa kibali, ikishapimwa."

"Na aliyenipa nitamwambia nini?"

"Mwambie umeibiwa na mtani."

Siku tatu Mereseini aliiogopa simu. Ya nne akapiga.

"Dada Fetuao, nisamehe. Zawadi yako imechomwa moto na binti mkaguzi wa uwanja wa ndege, kwa kuogopa ugonjwa wa majani."

Fetuao alijibu: "Mwaka ule wa ugonjwa, unajua tulikula nini? Ndizi. Asubuhi ndizi, jioni ndizi. Marehemu baba alikuwa akikaa mlangoni, analitazama shamba. Mimi ndiye niliyekosea, mdogo wangu. Nilikupa kwa mapenzi, nikasahau ninyi hamjapatwa. Nishukurie huyo binti."

Siku hizi, kabla ya kusafiri, wanakijiji hupita kwa Mereseini. Huwaambia jambo moja: "Ulichobeba kitaje."

Kisha huenda shambani. Majani ni mapana, ya kijani, mpaka mtoni. Hushukuru, na kuanza kuvuna.